Neno la Siri la Bwana Funguo

Alhamisi saa tisa alasiri, kompyuta ilimwambia mpiga chapa kwa mara ya kumi na mbili kwamba hana ruhusa. Haikumfokea. Ilileta kidirisha kidogo katikati ya skrini, ikamtaka aweke neno la siri la msimamizi, kisha ikakaa inamngoja kama karani wa benki asiye na haraka. Akakifunga kidirisha, akaifungua tena ile programu mpya, na kidirisha kikarudi. Mara ya kumi na tatu.

"Baba yako yuko wapi?" aliuliza bila kugeuka.

Binti yake, kitindamimba ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, alikuwa sakafuni anapiga pasi sare ya shule juu ya blanketi lililokunjwa. "Yuko nje, hapo dirishani."

"Mwambie namwita."

"Nimemwambia mara mbili, mama. Anasema amesikia."

Kusikia alikuwa amesikia. Dirisha lilikuwa wazi na mtu mwenyewe alikuwa chini yake, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya, anatazama barabara. Angenyoosha mkono angegusa pazia.

Kazi ya mpiga chapa ilikuwa kuandika maneno ya watu. Ofisi ilimtumia sauti zilizorekodiwa, mikutano, usaili, mahojiano ya watu wa bima, na yeye akaziweka katika maandishi neno kwa neno. Msemaji akijikwaa, unaandika alivyojikwaa. Akisema uongo, unaandika uongo wake na nukta mwishoni. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa na hakuwahi kuivunja. Mambo mengine ya kompyuta aliyajua kwa jasho. Alikuwa na daftari la mistari alimoandika kila alichoonyeshwa: jinsi ya kunakili faili, jinsi ya kutafuta faili lililopotea, jinsi ya kuizima mashine isipozimika. Ukurasa wa neno la siri la msimamizi haukuwa na kitu, kwa sababu neno hilo halikuwa lake.

Asubuhi ile bosi alikuwa ametuma ujumbe. Kuanzia Ijumaa saa sita mchana kazi zote zitapitia programu mpya, na ambaye hajaiweka kufikia saa hiyo mgawo wake watapewa wengine. Na wengine, wewe acha tu, walikuwa wengi. Kiwanda alichofanya kazi mumewe kilifungwa, huu ni mwaka wa pili. Ile meza ya pembeni yenye kompyuta ya mtumba ndiyo iliyokuwa kodi ya nyumba, ndiyo ada ya Kitinda, ndiyo sukari.

Akajikokota mpaka nje.

"Baba Kitinda, dakika moja tu. Uje uandike, urudi ukae."

"Programu gani hiyo?"

"Ya kazi. Nakueleza tangu asubuhi."

"Imetoka wapi?"

"Ofisini."

"Nani ameikagua?" Aliuliza kwa upole kabisa, macho yake barabarani. "Mashine haipokei kitu ambacho hakijakaguliwa. Stoo yangu haikuwahi kupokea mzigo bila hati."

"Hii siyo stoo."

"Ndiyo maana vitu vinaharibika."

"Kesho saa sita wananikata, Baba Kitinda."

"Hawawezi kumkata mtu kwa siku moja."

"Wewe walikukata kwa siku ngapi?"

Alilijutia neno lingali mdomoni, lakini lilikwisha kutoka. Jirani mmoja alikuwa anapita na ndoo, akapaza sauti kwa uchangamfu, "Bwana Funguo! Za leo?" Mume akanyanyua mkono, akatabasamu tabasamu la kikazi, akaushusha.

Bwana Funguo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ametunza funguo za stoo ya kiwanda, funguo sitini na kitu kwenye pete moja, na alizijua zote gizani kwa kupapasa. Walipofunga kiwanda alizikabidhi getini, akasaini, akarudi nyumbani anatembea upande upande kwa sababu kiuno kilizoea uzito. Jina lilibaki. Watu hawakuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo siku kompyuta ilipoletwa na fundi akauliza msimamizi wa mashine ni nani, alijibu yeye kabla mkewe hajafungua mdomo.

"Lakini anayeitumia si mama?" fundi alisema.

"Umeuliza msimamizi au umeuliza mtumiaji?"

Fundi alicheka, akaigawa mashine pande mbili, wa msimamizi na wa mtumiaji, akampisha kwenye kibodi. Akamfundisha mambo manne: kuiwasha, kuizima, kuandika ukurasa na kuuhifadhi, na kubadilisha neno la siri akitaka. Mume akavuta kiti, akawatazama mkewe na binti yake. "Geukeni," akasema. Wakageuka, wakaukodolea macho ukuta wenye kalenda ya mwaka uliopita, wakisikiliza kidole kimoja kinatafuta herufi. Tangu hapo kila mashine ilipodai msimamizi, mara moja kwa ajili ya printa, mara nyingine kwa ajili ya saa iliyokataa kwenda sawa, ilikuwa hivyo hivyo. Geukeni. Na wao waligeuka.

"Nitaitazama kesho," alisema sasa, akimaanisha mazungumzo yamekwisha.

*

Saa kumi na moja bosi alipiga simu.

"Naona wewe peke yako ndiye hujaunganishwa. Kuna tatizo gani?"

Mpiga chapa alifikiria aseme nini. Aseme mume wangu amekataa? Mwanamke wa miaka hamsini na moja, anaombea ruhusa mashine anayoitumia yeye. "Umeme umekatika huku," alisema.

Redio ya jirani ilikuwa inaimba kwa sauti ya juu mpaka vyombo vinatetemeka.

"Naisikia redio," alisema bosi.

"Ya betri hiyo."

"Sawa, mama. Kesho saa sita." Akakata.

Kitinda alikuwa ameyasikia yote na akajifanya anatafuta kifungo. Mpiga chapa aliketi akitazama simu. Kinachochosha, alijiambia, si kazi. Kazi aliiweza. Kinachochosha ni haya ya kuzunguka kazi.

Walikaa kula, wali na mchicha, sahani zikafika nusu. Ndipo mpiga chapa akaanza, sauti chini, maneno yakimtoka moja moja.

"Miezi nane. Kila wiki, siku moja au mbili, saa nane unavuta pazia, unajifungia na mashine saa nzima. Unasema unaikagua. Mimi nakaa jikoni na kazi yangu mkononi, nangoja umalize karata."

"Nani kasema nacheza karata?"

"Basi unafanya nini?"

Mume alikata mchicha kwa kijiko vipande vidogo visivyo na maana.

"Hata haikagui siku hizi, mama," Kitinda aliingilia, akitaka kusaidia. "Wiki ya tatu sasa."

"Macho yananiuma," alisema mume.

"Baba, ni kwa sababu yangu? Ile siku uliyosema nimechungulia? Sikuona chochote, haki ya Mungu. Nilikuwa nafuata chaja."

"Sijasema uliona. Ufunguo ukishatiliwa shaka, unabadilisha kufuli. Ni kawaida ya kazi. Nikabadilisha siku ile ile."

"Basi si unaweka hilo jipya?" alisema mkewe. "Tunageuka. Hata nje tutatoka ukitaka. Tukasimame barabarani wote wawili, wewe uandike."

Mume alisogeza sahani, akainuka, akaenda kulala na chakula kimebaki. Mpiga chapa alikitazama kile chakula. Hasira ilikuwepo, kubwa, ila hakuwa na nguvu za kuinyanyua. Akakifunika.

Kisha akafungua daftari ukurasa wa kunakili, akachomeka flashi, akaanza kutoa kazi zake zote kwenye mashine, kabrasha moja baada ya jingine, kidole kwenye mstari wa daftari na jicho kwenye skrini. Hakuwa na mpango mkubwa. Asubuhi ataipeleka mashine kwa fundi, hata kama ni kuivunja.

*

Asubuhi, alipokuwa anafunga boksi la kompyuta kwa khanga, mumewe alitokea amevaa shati lake la kazi, lile la kijivu, lenye alama ya mshono pale jina la kiwanda lilipobanduliwa.

"Nitalibeba mimi. Ni zito."

"Mpaka kwa fundi?"

"Mpaka kwa fundi."

Wakaenda, yeye mbele na boksi begani, mkewe nyuma na kibodi kwapani, kama watu wanaohama nyumba na vitu viwili. Kwenye duka la fundi, chumba kimoja chenye meza ndefu na simu zilizofumuliwa, walikuta wateja wawili kwenye benchi: mwalimu anayengoja printa na mama wa vitenge anayengoja simu. Wakasalimiana. Fundi akaunganisha nyaya, akasikiliza maelezo ya mpiga chapa, kisha akamgeukia mume.

"Sasa mzee, si uandike tu neno lako? Kazi ya sekunde. Mimi nitatazama kule."

Mume alisimama na mikono imening'inia. Mwalimu aliacha kusoma gazeti.

"Andika, Baba Kitinda," alisema mkewe. "Nakuomba. Mbele ya hawa watu nakuomba."

"Sikumbuki."

Alilisema kwa sauti ndogo mno, fundi akauliza, "Unasemaje?"

"Nimesema sikumbuki." Safari hii duka zima lilisikia. "Nilibadilisha siku ile kwa hasira. Kesho yake nikakaa mbele ya mashine, limetoka kichwani. Nimejaribu wiki tatu. Nimejaribu kila neno nililonalo. Halipo."

"Hukuandika mahali?" fundi aliuliza.

"Ufunguo hauandikwi."

Mama wa vitenge aliguna, akajifanya anakohoa. Mpiga chapa alimtazama mumewe, yule mume aliyekula kiapo cha ukimya tangu jana, aliyemwacha amdanganye bosi, aliyemwacha amuite katili moyoni usiku kucha. Katili alikuwa afadhali, ndivyo alivyoona mwenzake. Afadhali aonekane amekataa kuliko aonekane ameshindwa. Miezi nane ya geukeni ikamjia kwa pamoja, na pale pale akaona jinsi kola ya shati ilivyochakaa.

"Basi haina shida," alisema fundi haraka, mtu mwema yule. "Mashine yenyewe imechoka, nauweka mfumo upya kabisa. Itachukua saa mbili hivi. Lakini kila kilichomo kitafutika. Mama, kazi zako?"

Mpiga chapa akatoa flashi kwenye pochi, akaiweka mezani. "Zote ziko humu. Nimehesabu mara mbili."

"Hongera. Watu wazima wanalia hapa kila wiki kwa hilo. Na mzee, una chochote upande wako?"

"Hakuna. Futa."

Fundi alikuwa ameiwasha mashine kwa njia zake na makabrasha yote yalikuwa wazi mbele yake. Akakunja uso. "Mbona vipo? Faili arobaini na moja."

"Ni karata hizo," alisema mpiga chapa.

"Karata hazina tarehe, mama." Akabonyeza moja.

Ilikuwa barua. Juu kulia anwani yao, chini yake tarehe, halafu: YAH: OMBI LA KAZI YA UTUNZA STOO AU ULINZI. Halafu mistari mitatu, kisha nyeupe tupu. Fundi akafungua nyingine. Anwani ile ile, ombi lile lile, mistari minne. Nyingine, mitano. Kila moja ilianza mwanzo, na kila moja ilikatika, na hakuna iliyofika mahali pa jina na sahihi.

"Funga hizo," alisema mume.

"Ngoja," alisema mkewe. Alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia skrini. "Mbona zote hazijaisha?"

"Saa ilikuwa inaisha. Unaingia kuchukua mashine yako."

"Kwa nini hukuendelea siku ya pili? Kwa nini unaanza tena kutoka anwani?"

Mume alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ningeendelea vipi? Nilishaihifadhi. Imeshafungwa hiyo. Siku ikifungwa kwenye kitabu cha stoo huirudii, unafungua ukurasa mpya."

Mwalimu pale kwenye benchi alikunja gazeti lake. Hakuna aliyecheka. Mpiga chapa alihesabu bila kutaka: siku arobaini na moja, saa moja moja, kidole kimoja. Anwani ya nyumba yao mara arobaini na moja. Na yeye jikoni, upande wa pili wa pazia, ananung'unika karata. Angeuliza mara moja tu, angemwonyesha, ukurasa wa tatu wa daftari, mistari miwili. Naye mwenzake angeuliza. Lakini wapi.

"Nifute?" aliuliza fundi.

"Futa," alisema mume.

"Ziweke kwenye flashi yangu," alisema mpiga chapa. "Zote."

Fundi aliwatazama wote wawili. Kisha akazinakili.

*

Mfumo mpya ulimaliza kuingia saa tano na nusu. Mwalimu alikuwa ameondoka na printa yake. Mama wa vitenge simu yake ilishapona lakini bado amekaa, anataka kuona mwisho. Mume alikuwa amesimama muda wote ule, mara akipanga skrubu za fundi kwa ukubwa bila kuombwa. Mpiga chapa alitazama saa ya ukutani mpaka macho yakauma.

"Haya," alisema fundi. "Inauliza. Msimamizi wa mashine ni nani?"

Swali lile lile. Mpiga chapa hakuwa na hamu ya kushinda chochote. Alitaka tu saa sita isimkute. Aligeuka amwone mumewe atasemaje, na hakuuona uso wake. Alikuta mgongo. Mume alikuwa amejigeuza mwenyewe, ameuelekea ukuta wa duka, pua yake mbele ya tangazo la bei za chaja, mikono nyuma.

Mpiga chapa akaketi. Akaandika jina lake, akaandika neno la siri, akalirudia. Kidirisha hakikubishana. Akaipakua upya ile programu, kidirisha kikaja tena na swali lake, na safari hii akakijibu mwenyewe. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ukasimama katikati, mama wa vitenge akasema "Mungu wangu," ukaendelea. Saa sita kasoro dakika nane, ujumbe wa bosi uliingia: Umeunganishwa. Kazi za leo zinakuja.

Mpiga chapa akaegemea kiti. Alitegemea atafurahi. Alichosikia ni mabega kushuka, basi. Fundi alikuwa anakunja nyaya zake nyingine, mama wa vitenge anaaga, na ilipita dakika nzima kabla hajamsikia mtu ukutani.

"Nigeuke?"

Alikuwa bado pale. Hakuna aliyekuwa amemwambia ageuke.

"Geuka," alisema mkewe. "Na uvute hicho kigoda."

Akavuta kigoda, akaketi pembeni yake, magoti yamebana meza. Mpiga chapa alichomeka flashi, akaenda polepole ili aonekane anavyofanya, akaifungua barua ya mwisho, ile ya wiki tatu zilizopita, mistari tisa. Yote ilikuwepo kama ilivyoachwa. Mume aliinama akaitazama sana, kama mtu aliyekuta mlango aliojua umekomewa uko wazi.

"Uliishia hapa," alisema mkewe. Akasoma. "'Nina uzoefu wa miaka ishirini na miwili wa kutunza.' Kutunza nini?"

"Mali za watu."

Akaandika. "Endelea."

Mume alifikiri. Alimtupia jicho fundi, akamtazama mkewe, akatazama kile kibodi.

"Andika," alisema, akisafisha koo, "'bila kupoteza hata ufunguo mmoja.'"

Fundi aliinama ghafla chini ya meza kutafuta skrubu ambayo haikuanguka. Vidole vya mpiga chapa vilisimama hewani kidogo. Kisha akaandika kama alivyosema, neno kwa neno, na nukta mwishoni, maana ndiyo kazi yake.